Machame au Leipzig: dini na kutokuwa na dini, nani atawapata wajukuu?

Binamu yangu anaishi Leipzig, Ujerumani, na si mtu wa maneno mengi. Akikutumia ujumbe wa sauti wa dakika saba, ujue kuna jambo. Mwanawe anatimiza miaka 14 mwakani, na darasani kwake karibu wote wanajiandaa kwa Jugendweihe, sherehe ya kumvusha kijana kwenda utu uzima isiyomtaja Mungu popote: ukumbi, suti mpya, hotuba, maua, na bahasha za pesa kutoka kwa babu na bibi. Wanaohudhuria mafundisho ya kipaimara ni wawili tu.

"Kaka, shida yangu si gharama," anasema. "Naogopa nisije nikampakiza mtoto kwenye basi linaloelekea gereji. Hebu niambie wewe unayesomasoma, mbele ya safari nani anashinda, dini au hawa wasio na dini?"

Nilimwomba wiki moja. Haya ndiyo niliyomwandikia, nikiondoa ya ndani ya ukoo.

Maneno kwanza

Neno usekula limebeba mizigo miwili, na watu hugombana bure kwa sababu mmoja kashika huu na mwenzake kashika ule. Mzigo wa kwanza ni dola isiyofungamana na dini. Katiba ya Tanzania, ibara ya 3, inasema nchi haina dini. Wimbo wa taifa unaanza na "Mungu ibariki Afrika". Na mikutano yetu mingi haianzi kabla sheikh na mchungaji hawajaomba. Sijaona mtu akilalamika kwamba hayo yanapingana. Usekula wa namna hiyo ndio unaomwezesha jirani yangu kufuturu nami kwenda ibada ya saa moja, pasipo mtu kumuuliza mwenzake kibali. Huo siulinganishi na dini, maana hawagombei kiti kimoja.

Mzigo wa pili ni mtu mmoja mmoja kuishi bila dini, kisha wanawe na wajukuu wake nao wakaishi hivyo. Hasali, habatizi, na akifa hazikwi na mchungaji. Huo ndio nauweka kwenye mizani.

Mbegu moja, mashamba mawili

Sisi tuna bahati kwenye ulinganisho huu. Walioleta Ulutheri Machame walitokea huko huko anakoishi binamu. Misheni ya Leipzig ilifika Kilimanjaro mwaka 1893, na Machame pakawa kituo chake cha kwanza. Kwa hiyo mbegu ni moja, mashamba ni mawili, na tuna miaka zaidi ya 130 ya kuangalia kilichoota.

Njoo Machame Jumapili ya karibu na Krismasi, Wachaga wakiwa wamepanda mlima kutoka kila mji. Ibada ya pili imeisha lakini watu hawatawanyiki, kwa sababu mnada haujapigwa. Mzee wa kanisa anasimama ngazini na mkungu wa ndizi, anaanzia elfu kumi. Mhasibu aliyetoka Dar anaupandisha mpaka elfu themanini. Hana shida na ndizi, shamba la mama yake limejaa ndizi zile zile. Shida yake ni kwamba aliyesoma naye darasa la saba ametaja sabini na tano. Akishaupata anaurudisha: "Upigwe tena!" Kuku mmoja anapita mikono mitatu kabla hajapata mwenyewe wa kwenda naye nyumbani. Watoto wako ukutani wanatafuna miwa, na bila mtu kuwafundisha wanashika jambo moja: watu wetu hukutana hapa.

Sasa nenda Leipzig. Kuna Thomaskirche, kanisa ambalo Johann Sebastian Bach alisimamia muziki wake tangu 1723 hadi alipofariki mwaka 1750. Binamu anasema siku ya muziki linajaa, watu wanafumba macho, wengine wanatoa machozi, kisha wanaondoka na hawarudi mpaka tamasha lingine. Takribani wakazi wanane kati ya kumi wa mji huo hawamo katika kanisa la Kiprotestanti wala la Katoliki. Wachungaji wetu wanapenda kutania kwamba sasa ni zamu yetu kupeleka misheni kule. Utani huo nimeusikia mara nyingi mno kiasi kwamba sicheki tena, ila ukweli wake uko pale pale.

Kwenye wodi ya wazazi, dini inaongoza

Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa makadirio mwaka 2015. Duniani kote, wastani wa watoto kwa mwanamke Mwislamu ulikuwa 3.1, kwa Mkristo 2.7, kwa asiye na dini 1.7. Ili kizazi kijaze nafasi yake kinahitaji 2.1 hivi. Kwa lugha ya sokoni, wasio na dini wanauza bila kujaza stoo. Ndiyo maana Pew walikadiria kwamba sehemu yao katika watu wote duniani itashuka, kutoka 16.4% mwaka 2010 hadi 13.2% mwaka 2050.

Marekani kuna mfano wa kuonyesha nguvu ya jambo hili kwa macho. Shakers walikuwa Wakristo wenye bidii, mafundi wa samani zinazosifiwa hadi leo, na katika karne ya 19 walifikia maelfu. Lakini dini yao ilikataza ndoa na kuzaa. Leo waliobaki ni wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, kwenye kijiji kimoja cha jimbo la Maine. Waamish nao, Wakristo wengine wa huko huko Marekani, wanapanda magari ya farasi na kuukwepa umeme wa gridi. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa kama 5,000. Sasa wanakaribia au kupita 400,000, bila kuhubiri nyumba kwa nyumba. Wanazaa sana, na zaidi ya wanane kati ya kumi wa watoto wao wanabaki. Shika hilo la mwisho, nitalirudia.

Hata hivyo uzazi haukuandikiwa dini milele. Iran inaongozwa na wanazuoni, na bado kiwango chake cha uzazi kilianguka kutoka zaidi ya watoto sita kwa mwanamke mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi chini ya wawili katika miaka ya 2000. Kenya ilikuwa na watoto kama wanane kwa mwanamke mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2022 ikapima 3.4. Makanisa na misikiti ya Kenya haikufungwa kwa hilo. Hapa kwetu bibi alizaa tisa, mama watano, mimi nina wawili, na sote majina yetu yako kwenye usharika mmoja. Alama za wodini naipa dini, lakini ni barafu juani.

Kwenye kurithisha, kibao kinageuka

Hapa ndipo nilipotumia siku nne kati ya zile saba.

Mwaka 2005 watafiti wawili wa Uingereza, David Voas na Alasdair Crockett, walitoa hesabu ambayo kila mzazi mwenye imani angeijua asingelala vizuri. Baba na mama wote wakiwa na dini, uwezekano wa mtoto kuibeba ni nusu kwa nusu. Akiwa nayo mzazi mmoja tu, uwezekano huo unakatwa tena nusu. Wasipokuwa nayo wote wawili, mtoto karibu kila mara naye anabaki bila dini. Yaani kule kutokuwa na dini kunarithishwa kama rangi ya macho, na dini inarithishwa kwa kurusha shilingi.

Sensa za Uingereza na Wales zimekwenda na hesabu hiyo. Waliojiita Wakristo mwaka 2001 walikuwa 71.7%, mwaka 2011, 59.3%, mwaka 2021, 46.2%. Waliosema hawana dini walitoka 14.8% wakafika 37.2% katika miaka hiyo 20. Ireland ni mfano mkali zaidi kwa sababu ilianzia juu sana: mwanzoni mwa miaka ya 1970 Wakatoliki tisa kati ya kumi walikuwa wakienda misa kila wiki. Zikaja kesi za watoto kudhulumiwa na mapadri, na za maaskofu waliowaficha. Waliojiandikisha Wakatoliki walikuwa 84% mwaka 2011, na 69% mwaka 2022. Hao walioondoka hawakushindwa hoja na mkana Mungu yeyote. Waliangushwa na waliokuwa wakisimama madhabahuni.

Takwimu zinaeleza kiasi. Namna inavyotokea nilishuhudia kwenye simu.

Jumapili moja tulimpigia binamu kwa video, bibi akiwa kwenye kiti chake barazani. "Shikamoo bibi," mtoto akasema, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijerumani. "Marahaba mwanangu. Haya, tusalie Baba Yetu." Akaanza vizuri. Alipofika "utupe leo" akasita, akamtazama mama yake. Mama akamsaidia, naye akaruka mstari. Wakamalizia kwa haraka kama watu wanaovuka barabara. Bibi akasema amina, akamsifu. Simu ilipokatwa akanigeukia: "Kumbe huko hana wa kusali naye?"

Hakusema mtoto hajui. Alisema hana wa kusali naye. Waamish hawawabakizi watoto wao kwa sababu ya mahubiri mazuri. Wanawabakiza kwa sababu shule, kazi, mchumba, lugha na mazishi vyote viko ndani ya watu wale wale. Mtoto wa Leipzig ana saa moja ya dini kwa wiki, tena wiki ambazo mama yake hayuko zamu ya usiku. Nyingine zote anaishi na watu wema wasio na haja na Mungu, wala hawamchukii.

Na makadirio yale ya wodini yaliishia wapi? Mwaka 2025 Pew walitoa hesabu ya yaliyotokea kweli kati ya 2010 na 2020. Wasio na dini hawakushuka. Walipanda, kutoka 23.3% hadi 24.2% ya watu duniani. (Usiilinganishe na ile 16.4% ya mwanzo. Namna ya kuhesabu China ilibadilishwa katikati.) Wakristo walishuka kutoka 30.6% hadi 28.8%, kwani kwa kila mmoja aliyeingia Ukristo ukubwani watatu walitoka. Waislamu walipanda kutoka 23.9% hadi 25.6%, karibu wote kwa kuzaliwa. Watu wazima waliohama walifidia watoto ambao hawakuzaliwa, na zaidi.

Kwenye kurithisha, basi, alama ni za wasio na dini. Si za nchi zote: wengi wa wanaoiacha dini wako Ulaya, Amerika na Australia. Kenya, kwenye sensa ya 2019, waliosema hawana dini walikuwa 755,750, yaani 1.6%. Tanzania sina cha kukupa, sensa yetu haijamuuliza mtu dini yake tangu mwaka 1967.

Serikali ikiingiza mkono

Wengi hudhani dini ikipigwa marufuku itakufa, au ikilindwa itanawiri. Moscow walijaribu la kwanza. Mwaka 1931 Stalin alilipua kanisa kuu la Kristo Mwokozi ili pajengwe jumba kubwa la serikali. Jumba halikujengwa. Palipobaki shimo pakafanywa bwawa la kuogelea, watu wakaogelea juu ya madhabahu kwa miongo mitatu. Ukomunisti ulipoanguka bwawa likafukiwa, kanisa likajengwa upya lile lile, likawekwa wakfu mwaka 2000.

Leipzig nako walilipua: kanisa la chuo kikuu, Mei 1968. Lakini kilichofanya kazi hasa Ujerumani Mashariki, nchi ya kikomunisti ambayo Leipzig ilikuwa ndani yake, hakikuwa baruti. Mwaka 1955 serikali ilianzisha rasmi Jugendweihe yake na kuiweka umri ule ule wa kipaimara. Kijana aliyeikataa aliweza kujikuta mlango wa sekondari ya juu umefungwa. Haikusema acha kanisa. Ilisema tu: njoo na huku, kuna maua na bibi atakupa zawadi. Mwaka 1950 takribani wakazi tisa kati ya kumi wa nchi ile walikuwa waumini wa kanisa. Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989 walibaki kama watatu. Serikali ile imekufa miaka 35 na ushee, na sherehe yake bado inamwita mwana wa binamu yangu.

Aliyevunja jengo alirudishiwa jengo. Aliyechukua siku ya mtoto alibaki nayo. Mimi nikiwa mchungaji ningehofia hilo kuliko sheria yoyote.

Tumbo na matibabu

Hili ni fupi. Watafiti Ronald Inglehart na Pippa Norris walieleza kwamba watu wakihakikishiwa maisha, dini inalegea: mtoto hafi kwa surua, ukiugua kuna bima, ukizeeka kuna pensheni. Inglehart alipopima nchi 49 kati ya 2007 na 2019, 43 zilikuwa zimepungua udini. Kwetu hospitali ya Machame ni ya kanisa, na mtu akifiwa jumuiya ndiyo inayochanga, inayopika na inayochimba. Ukitaka kujua dini itadumu vipi huku, usiangalie mahubiri, angalia siku ambayo bima na serikali vitachukua kazi hizo. Ingawa Marekani ina utajiri wote ule na bado Wakristo wake, waliokuwa wakishuka tangu 78% mwaka 2007, wanaonekana kutulia kwenye 60 na kitu tangu kama 2019. Hivyo hata kanuni hii ina mguu mmoja mfupi.

Kuhusu kutabiri, kumbuka pia Peter Berger, mwanasosholojia mkubwa. Mwaka 1968 alisema kufikia karne ya 21 waumini watabaki vikundi vidogo vilivyojikunyata. Mwaka 1999 akaandika waziwazi kwamba alikosea. Nampenda kwa hilo. Wengi hukosea kimyakimya.

Ukinilazimisha kuchagua

Ukiniuliza nani atakuwa na watu wengi duniani wajukuu zetu wakiwa wazee, naweka shilingi yangu kwa dini, na siogopi kuipoteza. Lakini itakuwa imehama nyumba. Tayari mwaka 2020 Wakristo 30.7% walikuwa Afrika kusini mwa Sahara, Ulaya 22.3%. Ukiniuliza nani atashinda ndani ya familia moja moja Ulaya, naweka kwa wasio na dini, isipokuwa familia zinazoishi dini yao wiki nzima. Anayeshindwa kote kote ni wa katikati: anayebatiza kwa ajili ya picha, anayeonekana Idi na Idi, anayesema "mimi ni Mlutheri" akimaanisha kadi iko kabatini kwa mama. Huyo watoto wake watachagua upande, na mara nyingi hawatachagua wake. Tusijidanganye kwamba Machame hatunao. Mnada wa Krismasi unawaleta, Februari huwaoni.

Kwa hiyo binamu, nilimwandikia, ukichagua kwa kuangalia basi gani linafika, umeuliza swali la dereva na wewe ni abiria. Kama unaweza kumpa mtoto watu wa kusali nao, usharika anaoufahamu kwa majina, familia mbili tatu za kula nazo baada ya ibada, mpeleke kipaimara. Kama utampeleka miezi kumi halafu mrudi kulala Jumapili, kile kipaimara kitakuwa Jugendweihe yenye wimbo wa kanisa, na yeye ataliona hilo kabla yako. Hapo ni heshima zaidi kumpeleka ukumbini ukijua ulichofanya. Baba yake mtoto hana dini, naye ni mtu mwema. Usimfanye adui kwenye jambo hili, maana hesabu ya mzazi mmoja unaijua sasa. Na muulize mtoto mwenyewe. Miaka 14 si minne.

Alijibu baada ya siku mbili, safari hii kwa maandishi, mistari mitatu. Hajaamua. Ila mtoto amesema hawezi kujiandikisha popote kabla hajaona ule mnada wa kuku, kwa hiyo wanakuja Desemba.

Bibi ameshaambiwa. Anachouliza kila siku ni kama mtoto anakula mtori.